Moyo Wake kwa Jina Langu

Dada yangu mpendwa, uliyenibeba mgongoni kabla sijajua kutembea,

Pokea salamu zangu, wewe na watoto, na mama hapo alipo kwenye kiti chake. Natumaini miguu yake haijavimba tena, na kwamba siku hizi anameza dawa bila kukutukana. Mimi mwili upo, nasimama, nakula nikikumbuka. Zaidi ya hapo usiniulize kwanza. Kaa chini, watoto uwatume nje, uisome barua hii polepole.

Anayekuletea ni mwenzetu wa kazini tunayemwita Shangazi wa Sabuni, kwa kuwa ndiye anayechanganya sabuni za mashine. Likizo yake imefika na njia yake inapita kwenu. Mpe maji ya kunywa na umwache apumzike, maana ameniahidi hatakuambia chochote mpaka umalize kusoma, na mwanamke yule kukaa kimya ni mzigo mkubwa kwake.

Nimeandika kwa mkono kwa sababu kwenye simu nilishindwa. Uliponiuliza mbona mumeo hapokei, nilikuambia ana homa kidogo na sauti imemkauka. Ukasema haya, mpe pole. Dada, si homa. Shemeji yuko hospitali. Yu hai, anaongea, na uji anakunywa. Hayo nimeyatanguliza ili usisome huku roho imekukaba kooni. Lakini hali yake si nzuri, na mimi mkono wangu umo katika kufika kwake pale. Nitakueleza tangu mwanzo. Unajua shule niliiacha darasa la sita, kwa hiyo nitasema kama ninavyojua.

Kazi yetu umeisikia tu, hujaiona. Kiwanda chetu kinafua nguo za hospitali na za mahoteli, mashuka kwa mataulo, magunia kwa magunia, asubuhi hadi jioni. Kuna upande wa maji na upande mkavu. Shemeji alikuwa upande wa maji. Yeye na wenzake wanayavuta mashuka yakiwa yamelowa kutoka kwenye matumbo ya mashine, yamejisokota kama matumbo ya ng'ombe kweli, wanayapakia kwenye toroli na kuyasukuma hadi kwenye vikaushio. Shuka moja likiwa kavu ni jepesi, hata mtoto atalibeba. Mashuka yaliyolowa ni sawa na kumvuta mtu asiyetaka kuamka. Mimi nilikuwa upande mkavu, kwenye rola ya kupigia pasi. Mnasimama wawili, kila mmoja kashika pembe yake, mnalinyoosha shuka na rola inalimeza. Rola haimsubiri mtu. Ukichelewa, pembe yako inaingia imekunjamana, shuka linatoka na kovu na msimamizi anakuja kukuuliza kama umelala. Mvuke ni mwingi na kelele ni nyingi, kwa hiyo tunasemezana kwa macho na mikono, na utani wote tunauweka hadi wakati wa chai.

Kwa utani huo shemeji walimpa jina la Mtungi, kwamba hata jua liwake namna gani, yeye yu baridi. Mimi wakaniita Rohojuu. Hawakukosea. Wewe unanijua tangu utoto, sufuria ikianguka jikoni mimi nilikuwa nje ya uzio tayari.

Sasa, mwaka huu ulipoanza, mwanamke mmoja wa upande wetu alianza kulia akiwa kwenye rola, na alipoulizwa analilia nini akasema hajui. Baada yake mwingine akaunguza mkono kwa sababu mawazo yalikuwa mbali. Wakubwa wakakaa, wakasema watu wetu wamelemewa na mawazo, tutafute dawa ya kisasa. Wakamleta mama mmoja msomi, mpole, mwenye viatu visivyotoa sauti. Sisi tukamwita Mama Utulivu. Usimchukie ukisoma, dada. Nimemchunguza sana nikitafuta ubaya wake na sikuuona.

Huyo mama alitugawia bangili za mpira mweusi, kila mtu ya kwake, akatuambia tuzivae mkononi tangu tunapoingia getini hadi tunapotoka. Bangili inasikiliza moyo na inaonja jasho la ngozi. Ina taa ndogo. Ukiwa umetulia inawaka kijani, ukianza kuchemka inakuwa njano, ukizidiwa inakuwa nyekundu, na hapo hapo simu ya msimamizi inalia na kutaja jina lako. Alisema mashine inaweza kuyaona mawazo ya mtu kabla mwenyewe hajajua kwamba anayo. Bangili zote zilifanana kama mayai. Jina la mwenyewe lilikuwa ndani ya kompyuta, nje huoni kitu.

Aliyewaka nyekundu alipelekwa Chumba cha Utulivu. Zamani kilikuwa stoo ya mafagio. Sasa kilipakwa rangi ya majani mabichi na kuwekwa kiti kinachomlaza mtu. Unavalishwa miwani mikubwa inayofunika uso nusu nzima, na mara uko msituni. Ukigeuza shingo, msitu nao unageuka. Mto unapita hapo karibu, ndege wanalia, na sauti ya mwanamke inakuambia uvute hewa kama unayenusa ua na uitoe kama unayepuliza uji. Dada, mwanzoni tuliipenda. Jamaa mmoja wa toroli alilalamika kwamba ule mto unamtia haja ndogo. Mwingine alikuwa akikimbia kuzunguka vyoo ili awake nyekundu, apate kulala kwenye kiti. Shangazi wa Sabuni alisema kama ni msitu wa bure, basi na yeye wamwekee na mume humo. Tulicheka wiki nzima.

Kicheko kilikatika siku walipotangaza kwamba mtu anayerudia nyekundu mara kwa mara atapumzishwa. Kupumzishwa maana yake unarudi nyumbani kwako, hulipwi, mpaka daktari aseme umepona. Wa kwanza alikuwa mwenzangu wa rola, mwanamume mmoja mrefu, mkimya, baba wa mapacha. Alipopumzishwa nafasi yake ilikaa wazi siku moja tu. Tangu hapo kila mtu akawa anafanya kazi jicho moja kwenye shuka, jicho jingine kwenye mkono. Ukiona njano unaogopa, ukiogopa inakuwa nyekundu. Kitu kilicholetwa kutuondolea wasiwasi kikawa ndicho kinachouzaa. Wengine waliacha chai, wengine waliomba dua chooni, wengine waliambiana jikaze kisabuni, kumbe moyo haujui kujikaza.

Wangu ndio kabisa. Niliwaka nyekundu msimamizi akipita, niliwaka rola ikikohoa, niliwaka simu yako ikiita kwa sababu nilidhani ni habari ya mama. Msimamizi, ambaye si mtu mbaya, alinivuta pembeni akaniambia, Rohojuu, wiki nyingine kama hii na mimi sitaweza kukuficha. Siku hiyo nilikaa chumba cha kubadilishia nguo, mabuti mkononi, nikiwaza nitakuambia nini wewe, na nitaishi wapi.

Shemeji akaniona. Alicheka, akasema moyo wake unalala kama mbuzi aliyeshiba, bangili haina la kufanya mkononi mwake, inakula mshahara wa bure. Akasema tubadilishane. Yeye avae yangu na mimi nivae yake, kompyuta ione kwamba nimetulia, na jina lake likiwaka njano kidogo hakuna atakayeshtuka, kwa sababu miezi yote amekuwa kijani. Nilikataa, dada. Mdomo ulikataa, lakini mkono nilikuwa nimeshaunyoosha.

Basi ikawa hivyo, na taa tukazifunika kwa mikono ya mashati. Bangili yenye jina langu ikakaa mkononi mwake, ikawa inasikiliza moyo wake. Yenye jina lake ikakaa kwangu, inasikiliza moyo wangu. Naomba hapo upaelewe vizuri, maana mambo yote yaliyofuata yametoka hapo.

Mwanzoni mambo yalinyooka. Jina langu likawa kijani kama nyasi za mvua, na mimi, hofu ya kupumzishwa ikiwa imepungua, sikuvuka njano chini ya jina lake. Mama Utulivu alifurahi hata akaniita mbele ya wageni waliokuja kuutazama mradi wake, akaniuliza nimefanyaje. Nikasema navuta hewa kama ninayenusa ua. Wageni wakaandika. Msimamizi alipowasomea majina, upande wa maji wakamtania mumeo kwamba Mtungi umetoboka, siku hizi anawaka njano, naye akawajibu kwamba ni kwa sababu wewe ulimpigia simu jana yake na kumuuliza mashati yake anafua nani. Watu wakaanguka kwa kicheko. Unajua anavyoweza kukutaja katika kila utani. Huko ndiko kukukumbuka kwake.

Kisha, mvua za katikati ya mwaka zilipoanza, jina langu likaanza kuwaka nyekundu.

Mara ya kwanza msimamizi alinijia mbio, akanikuta nimesimama kwenye rola nakunywa maji, sina habari. Nikajua mashine imepotea, kwa kuwa ile bangili iko kwa Mtungi, na Mtungi tangu lini akachemka? Nilimwambia shemeji tukiwa kwenye chai. Akaitazama mkononi, akaipuliza, akasema labda imeingiwa na mvuke. Tukacheka. Ikaja tena, na tena. Kila ilipowaka, mimi ndiye niliyepelekwa Chumba cha Utulivu, nikalazwa, nikavalishwa msitu. Kwa kuwa sikuwa na shida yoyote saa hiyo, nilikuwa nasinzia.

Mama Utulivu hakupendezwa na alichokiona kwenye kompyuta yake. Aliniambia moyo wangu unakimbia, halafu unaruka, kama mtu anayeshuka ngazi gizani na kukosa kipandio. Akanipeleka kwa daktari wa kiwandani. Yule akanisikiliza kifuani, akaniambia moyo una woga lakini unakwenda sawasawa, nipunguze majani ya chai. Mama Utulivu hakuridhika. Alisema hatanipumzisha nyumbani, maana anaona nimejitahidi, ila ataniondoa kwenye rola. Nikapewa kazi ya kukunja taulo ndogo za uso, nimekaa. Walinipa kiti, dada. Kina mto wa kukalia na mahali pa kuegemea mgongo. Mumeo akabaki upande wa maji anavuta mashuka.

Asubuhi aliyoanguka, chai ilikuwa imeisha punde. Nilikuwa nakunja taulo. Nilisikia toroli likigonga ukuta, na baadaye nikasikia mashine zinazimwa, moja baada ya nyingine, jambo ambalo halitokei kamwe. Nikasimama nikaona upande wa maji watu wanainama. Nikaona buti lake. Na wakati huo huo nikamwona msimamizi anatoka huko huko, ameshika simu inayolia, amewaruka wale walioinama bila kuwatazama, anakuja mbio. Anakuja kwangu. Simu ilikuwa imetaja jina langu. Alinishika mabega akanilazimisha nilale chini, akanivua kofia, akaita maji yaletwe, akaniambia tulia, Rohojuu, tulia, vuta hewa. Nilikuwa namwonyesha kwa kidole kule nyuma yake. Yeye akadhani ndio kuzidiwa kwenyewe. Akanibana zaidi. Dada, mimi nilishikiliwa na watu wawili, mzima wa afya, nikipepewa kwa taulo, na mumeo amelala kwenye maji ya sabuni, mashuka yamemwangukia kama mtu aliyekwisha kufunikwa.

Shangazi wa Sabuni ndiye aliyemgeuza. Alimpiga makofi mashavuni, akamtukana, akambana kifua, akamtukana tena, mpaka akavuta hewa. Nilipochomoka nilipiga magoti nikakipakata kichwa chake. Taa ilikuwa inawaka mkononi mwake. Na hapo, watu wakikimbilia machela, nilifanya jambo ambalo mkono wangu ulilifanya bila kuniuliza. Nilimvua ile bangili nikaivaa mimi, na ya kwake nikamrudishia. Nilitaka tuonekane tuko sawa. Msimamizi akasema baadaye kwamba mitambo ilichanganyikiwa siku ile.

Hospitali walimpima moyo na mashine yao, ukakutwa umetulia, unakwenda vizuri. Daktari wa wodi, binti mdogo mwenye macho ya kukosa usingizi, akasema kuna maradhi ya moyo yanayokuja na kuondoka kama mwizi, ukiwasha taa humkuti. Akauliza kama mgonjwa huyu ana kumbukumbu yoyote ya moyo wake wa siku za nyuma. Mama Utulivu akasema anayo, tena nyingi, akazileta mwenyewe kwa furaha ya kusaidia. Zilikuwa chini ya jina la mumeo. Dada, ulikuwa ni moyo wangu mimi. Daktari akausoma, akasema huyu ni mtu mwenye wasiwasi mwingi, moyo unakwenda mbio lakini mapigo yamenyooka, hakuna ugonjwa wa moyo hapa, ameangushwa na mawazo na uchovu. Akaandikiwa vidonge vya kutuliza. Wakasema apumzike siku chache, kisha arudi kazini. Mama Utulivu akamletea ile miwani hadi kitandani. Niliingia nikamkuta amevalishwa, mdomo wazi kidogo chini ya ile plastiki, anatazama msitu.

Nilipomvua nilimwambia nakwenda kusema. Alinishika kiganja kwa nguvu ambayo sikudhani anayo. Aliniambia nisithubutu. Sheria ya bangili tulisomewa wote, anayeichezea anafukuzwa siku hiyo hiyo, na sisi tuliichezea wawili. Akasema hata kitanda alicholalia ni cha kiwanda, akifukuzwa nani atamlaza? Binti yenu amebakiza muhula ili amalize shule. Akasema mwanamume huanguka na akainuka, yeye ameshainuka, yamekwisha. Nikimpenda ninyamaze, na nikikupenda wewe ninyamaze zaidi.

Nikanyamaza. Siku hizo ndizo ulizonipigia na mimi nikakudanganya.

Sasa nakuja kwenye neno lililonikwama. Mpaka hapa ukinisoma unaweza kusema ni makosa ya bahati mbaya, ndugu wawili walitaka kusaidiana, mashine ikawazidi akili. Ningependa useme hivyo. Lakini sivyo.

Nilijua, dada. Nilijua kabla hajaanguka.

Kulikuwa na asubuhi moja, ile wiki niliyopewa kiti, nilimkuta chumba cha kubadilishia nguo amevaa buti mguu mmoja, jingine kalishika, ametulia kama anayesikiliza kitu mbali. Mdomo wake ulikuwa na rangi ya majivu. Mkono mmoja aliuweka hapa kifuani, chini ya titi. Ile taa ilikuwa nyekundu. Nikasimama mlangoni nikamtazama yeye na nikaitazama taa. Baadaye kidogo akapumua, rangi ikarudi usoni, na taa ikarudi kijani. Kwa pamoja, dada, kama watu wawili wanaoitikia wimbo mmoja. Aliponiona akasema nisimwangalie hivyo, ni mvuke tu. Nikalipokea neno lile haraka haraka, maana lilinifaa.

Tangu siku hiyo nikawa nachungulia. Akishika ukuta, nyekundu. Akikaa, kijani. Mashine haikuwa imeingiwa na mvuke. Ilikuwa inapiga kelele kwa kadiri ya uwezo wake kwamba huyu mtu anaumwa, na kila ilipopiga kelele nilikuwa naletewa mimi glasi ya maji. Lile pumziko lilikuwa lake. Kile kiti kilikuwa chake. Nilikikalia nikakunja taulo, nikijiambia kesho nitasema. Nikisema kesho, nitarudi kwenye rola, kisha nitapumzishwa, kisha nitarudi nyumbani mikono mitupu. Hivyo ndivyo nilivyopima. Upande mmoja mumeo, upande wa pili kiti chenye mto. Na nikakaa.

Nimeandika. Sasa niendelee, maana bado kuna la kufanya.

Siku nne zilizopita walisema watamtoa wodini. Nilimwona anavaa shati, anapumzika kati ya kifungo na kifungo, akijifanya anatazama dirishani. Nilitoka nikamtafuta yule daktari binti nikamkuta kwenye korido anakula mkate amesimama. Nilimwambia yote. Mkono huu jina lile, mkono ule jina hili. Hakunigombeza. Alinifanya nirudie mara mbili, akaweka mkate chini, akampigia Mama Utulivu. Wakafungua kumbukumbu zenye jina langu. Daktari alikuwa anafuata mistari kwa kidole, akawa anaenda, anaenda, kidole kikasimama. Akasema, huyu hapa.

Alinieleza polepole kwa sababu aliona sielewi. Moyo wa shemeji una mahali panaposahau kupiga. Unasimama kidogo, kisha unashtuka na kukimbia kujaribu kufidia. Mara nyingi unafidia. Ipo siku hautafidia. Dawa yake ni kifaa kidogo kinachowekwa chini ya ngozi ya kifua, kila moyo ukisahau chenyewe kinaukumbusha. Watu wanacho, wanafanya kazi, wanazeeka nacho. Mama Utulivu alikaa kwenye ngazi, viatu vyake vile visivyo na sauti amevivua, akaniuliza mbona sikumwambia, yeye alikuwa mlangoni kila siku. Akasema aliniamini mimi mbele ya wageni. Kisha akafuta uso akaenda kuwaona wakubwa.

Mimi nimefukuzwa. Mabuti nimerudisha, na bangili. Kwa shemeji, yule mama alipigana. Amewaambia mtu ameangukia kazini, na ugonjwa ulikuwa umeonekana na mitambo yao wenyewe, kwa hiyo wamekubali kulipia kifaa na kumwekea. Baada ya kupona hawamchukui tena. Ndio mwisho wa walichokubali, na wameandika.

Lakini yeye hataki. Hapo ndipo tulipokwama. Amesema hakuna atakayempasua kifua, moyo wake ni mzima, walioupima hapa hospitali waliukuta mzima. Amesema nimemuuza, na kwamba kwa mdomo wangu nimewatoa watoto wake shuleni. Amegeukia ukutani. Chakula nikimletea mimi hakili, akiletewa na muuguzi anakula. Daktari anasema hawezi kumlaza mtu mezani kwa nguvu. Amemwekea nafasi wiki ijayo, na kila siku anapita kumuuliza, na kila siku anajibiwa na mgongo.

Tangu hapo neno moja tu ameniambia. Ameuliza kama wewe unajua. Nikasema hujui. Akasema, asijue.

Kwa hiyo barua hii ni mara ya pili namvunjia amri yake. Ninaivunja nikiwa na akili zangu zote.

Namba ya simu ya wodi anayo Shangazi wa Sabuni, imekunjwa kwenye kitambaa. Ukimaliza kusoma mpigie mumeo, omba wampe simu mwenyewe. Usimlilie, ukimlilia atakufariji wewe na atasahau kuogopa. Mgombeze. Mgombeze kama siku ile aliyokataa kung'olewa jino, ukamfuata hadi nje ya geti na mwiko mkononi, majirani wakitazama. Mwambie shule ya mtoto itatafutiwa njia na watu walio hai. Mwambie mimi nitabeba magunia, nitachimba mitaro, nitafanya lolote, na kwamba hata akiapa kutonisemesha hadi kaburini, sawa, asinisemeshe, ila alale mezani kwanza. Mimi nimemwambia haya yote, lakini nilikuwa nauambia mgongo.

Mama usimwambie bado. Msalimie tu, mwambie mwanawe anamwazia. Watoto wasalimie, yule mdogo mwambie picha yake ya jogoo nimeipata. Majirani wakiuliza, sema tuko salama, tunarudi karibuni, maana hilo la kurudi ni kweli.

Kuhusu mimi na wewe, sitaki unijibu upesi. Sijui kama utaniita tena ndugu yako, na sitaomba msamaha kwa karatasi. Nitakuja nikae mbele yako unitazame. Hasira yako nitaipokea yote, nayo haitaharibika ikikaa siku mbili tatu. Mpigie kwanza.

Nimekaa kwenye benchi nje ya wodi yake. Mlango una kioo, mgongo wake nauona, na shuka linapanda na kushuka. Sitoki hapa.

Ni mimi mdogo wako,
uliyenilea.